Mvinyo usio na kilevi: Onja kwanza kabla ya kununua katoni

Sato wa kukaanga yuko mezani, ndimu imekamuliwa, na chupa ya mvinyo mweupe imetoka kwenye friji ikitoa jasho. Funda la kwanza linasafisha mafuta ya samaki mdomoni, na ulimi unataka kipande kingine. Mteja aliyezoea raha hiyo akipewa mvinyo mweupe usio na kilevi, anagundua tofauti kabla hajamaliza glasi. Ni nadra arudi kununua chupa ya pili.

Wafanyabiashara wanaovusha vinywaji Namanga, Mutukula au Rusumo wana sababu ya kulijua hilo. Chupa hizo mbili hufanana kwa umbo, lebo na hata jina la zabibu, lakini ndani si kitu kimoja. Mzigo ukidoda, mtaji unaokwama ni wa muuzaji.

Kwa mvinyo mweupe, hakuna haja ya kwenda mbali. Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda zabibu katika miaka ya 1950, huvuna mara mbili kwa mwaka. Miongoni mwa zabibu nyeupe zinazolimwa huko ni Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa na ambayo pia imeenea sana Afrika Kusini. Mvinyo wake ukitengenezwa vizuri hunukia tufaha, peasi na asali kidogo, huku uchachu wake ukiufanya uburudishe kama maji ya ndimu.

Siri iko kwenye uwiano. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kilevi, na mvinyo mweupe mwingi huwa na kilevi cha asilimia 11 hadi 13. Kilevi hicho hakipo kwa ajili ya kulewesha tu. Ndicho kinachobeba harufu hadi puani, kinachoupa mvinyo uzito mdomoni na kinachotuliza makali ya uchachu.

Mvinyo usio na kilevi huanza kama mvinyo wa kawaida, kisha kilevi huondolewa. Njia moja ni kupunguza mgandamizo wa hewa ndani ya mtambo, ili kilevi kitoke kwa joto la nyuzi 30 hivi badala ya 78. Njia nyingine ni kuuchuja kwa shinikizo kubwa kupitia utando wenye matundu madogo mno. Kwa vyovyote vile, sehemu ya harufu hupotea pamoja na kilevi. Kinachobaki huwa chepesi na kikali, na watengenezaji wengi huongeza sukari au maji ya zabibu kuuficha ukali huo. Ndiyo maana wengi huuona kama juisi iliyopoteza utamu wake.

Hata hivyo, wapo wasiotumia kilevi: dereva, mjamzito, mgonjwa, au anayefuata dini yake. Hao wanastahili ukweli. Chupa nyingi zilizoandikwa kuwa hazina kilevi huweza kuwa nacho hadi asilimia 0.5. Mteja Mwislamu akiuliza, asijibiwe kwa mkato kwamba haina kitu. Aoneshwe kiwango kwenye lebo na aamue mwenyewe. Mara nyingi juisi halisi ya zabibu humfaa zaidi, na haijifanyi kuwa kitu kingine.

Muuzaji aangalie pia tarehe. Kilevi husaidia kuhifadhi kinywaji, hivyo mvinyo usio nacho huwahi kuharibika ukishafunguliwa. Nao mvinyo mweupe wa kawaida una adui wake: joto na jua. Katoni iliyoachwa kutwa nzima juu ya gari mpakani inaweza kufika dukani ladha ikiwa imeharibika, ingawa chupa inang'aa. Usafirishwe usiku au chini ya turubai, uhifadhiwe gizani, na mteja aambiwe aunywe ukiwa na nyuzi 8 hadi 12.

Kuhusu karatasi, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha ya pamoja huweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha. Lakini cheti hicho hakiondoi ushuru wa bidhaa unaotozwa kwenye vileo katika nchi unakouzwa, wala stempu za kodi zinazotakiwa huko. Ni vyema kumuuliza ofisa wa forodha kabla ya kupakia.

Kabla ya kulipia katoni yoyote, muuzaji anunue chupa moja ya kila aina, azipoze pamoja na azionje akiwa na sahani ya samaki. Gharama ya chupa mbili ni ndogo kuliko ya katoni kumi zilizododa stoo.