Saa za Mfanyakazi Baada ya Kazi

Neno moja twalisikia kila siku, mabasini, viwandani na katika foleni ya mshahara: "Sina nafasi." Asiyesoma kitabu hana nafasi, asiyemwandikia mamaye hata mistari miwili hana nafasi, na yule ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake mwenyewe, naye angependa kukimbia asubuhi, ila nafasi hana. Hatulicheki neno hili, kwani kwa wengi lina ukweli ndani yake. Lakini yatupasa kulichungua, kwa sababu saa ambazo mfanyakazi hubaki nazo baada ya kazi hakuzipewa kwa hisani ya mtu.

Zilidaiwa. Mwezi wa Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago, nchini Marekani, waligoma wakitaka siku ya kazi isizidi saa nane, na wako waliopoteza maisha yao katika madai hayo. Hiyo ndiyo asili ya Mei Mosi tunayoiadhimisha. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa kwanza kabisa, liliweka saa nane kwa siku na saa 48 kwa juma kwa kazi za viwandani. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, wala siku za kazi zisizidi sita. Aliyefanya kazi saa tano mfululizo hupewa mapumziko ya dakika 60, na kati ya kumaliza kazi ya leo na kuanza ya kesho hutakiwa zipite saa 12. Basi saa hizo ni sehemu ya ujira. Msimamizi anayempigia karani simu saa tatu usiku kumwagiza kazi ya ofisi amemtia mkono mfukoni, hata kama amemwita ndugu.

Natupige hesabu kama wapigavyo wachuuzi wa Kariakoo, bila kujidanganya. Juma lina saa 168. Toa 45 za kazi, zabaki 123. Toa saa nane za kulala kila usiku, zabaki 67. Tuseme mtu wetu akaa Mbagala au Gongo la Mboto, na kazi yake iko mjini. Kwa foleni za Dar es Salaam tumpe saa nne kila siku za kwenda na kurudi, siku sita. Zabaki 43. Humo atakula, ataoga, atakwenda kwenye ibada, atazika na kuozesha. Mkato wowote utakaomkatia, hakosi saa kumi na tano au ishirini zilizo zake.

Lakini tulipoimaliza hesabu hii tuliona kwamba ni ya mwanamume. Mke wake, ambaye labda naye yuko kiwandani saa zile zile 45, akifika nyumbani huanza kazi ya pili: kuchota maji, kupika, kufua, kuwakagulia watoto madaftari. Tumwekee saa nne tu kwa siku, ingawa twajua tumepunja. Hizo ni 28 kwa juma. Kutoka katika zile 43 amebakiwa na 15, naye bado hajaoga, hajala, wala hajakwenda msibani. Mume asemapo amepata nafasi ya kwenda mpirani, yafaa ajiulize nafasi hiyo ameitoa wapi. Aghalabu ameitoa jikoni, kwa mtu ambaye hakuombwa.

Hatusemi haya kwa kuuchukia mpira. Ushabiki ni jambo kubwa katika nchi hii, na wanaoudharau hawajui historia ya mji wao. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili mitaa ile ile ya Kariakoo, na waliozisimamisha walikuwa watu wa kawaida wa mjini. Tena yuko mtu asemaye kwamba kichwa chake hakishiki mambo ya vitabu. Mwulize habari za Julai 1977, naye atakueleza Simba ilivyoifunga Yanga mabao 6–0, na jinsi Abdallah Kibadeni alivyofunga matatu, hali yeye mwenyewe wakati huo alikuwa hajazaliwa. Na mtani wake wa Yanga atamjibu papo hapo kwa mabao 5–1 ya Novemba 2023. Kichwa kishikacho hayo chashika chochote.

Mchezo wenyewe ni dakika 90. Kinachokula saa za mtu ni mabishano ya siku tatu kabla yake na siku tatu baada yake, pamoja na michezo ya Ulaya ianzayo saa nne au saa tano usiku katika vibanda umiza, wakati mtazamaji yampasa awe kituoni kabla ya adhana ya alfajiri. Tena umeingia mkeka wa kubeti, uliomgeuza shabiki kuwa mtumishi asiye na mshahara: hatazami tena timu yake, atazama timu kumi asizozijua, na moyo haumtulii mpaka ya mwisho imemaliza. Huyo hapumziki. Amejipatia ajira nyingine, na ndiyo inayomtoza fedha.

Kuhusu kusoma, hatumshauri mtu afungue kitabu hali ananing'inia mlangoni mwa daladala kwa mkono mmoja. Mahali pake ni katika zile dakika 60 za mchana. Nusu ale, nusu asome. Kwa siku sita amepata saa tatu. "Kusadikika" cha Shaaban Robert hakifiki kurasa mia, na msomaji wa wastani atakimaliza ndani ya juma moja bila kuigusa jioni yake. Asiye na kitabu ana gazeti, na asiye na fedha ya gazeti ana jirani. Vijiwe vya kahawa vina desturi nzuri ya zamani: gazeti moja, msomaji mmoja mwenye sauti, na wasikilizaji kumi wenye maoni. Dereva wa bodaboda na mama lishe, ambao hawana mwajiri wa kuwapa mapumziko wala sheria ile haiwafikii kama iwafikiavyo walioajiriwa, wengi wao husoma hivyo, vipande vipande, kati ya mteja na mteja. Nako ni kusoma.

Kuandika ndiko watu wanakokuogopa zaidi, wakidhani ni kazi ya walioacha kazi nyingine zote. Shaaban Robert mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1909, aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 akawa karani humo hata 1944, kisha akaendelea katika idara nyingine za serikali ya kikoloni. "Kusadikika" kilipotoka mwaka 1951 alikuwa bado mwajiriwa. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya "Julius Caesar" mwaka 1963, na "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, hali yu Rais wa nchi. Wala sidhani, kama asemavyo mzee mmoja wa chumba chetu cha habari, kwamba foleni ya watu mlangoni pake ilikuwa fupi kuliko ya kwetu.

Si kila mtu atatunga kitabu. Lakini kila mfanyakazi aweza kuwa na daftari la senti chache, na humo kila jioni aandike mambo mawili: saa aliyoingia kazini na saa aliyotoka. Sheria ile ile ya 2004 yaweka kikomo cha saa 50 za ziada katika kila majuma manne, na kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Wengi hupunjwa haki hiyo kwa sababu wakiulizwa saa ngapi na siku gani, hubaki wakikuna kichwa. Aliyezoea kuandika mstari huo mmoja ataona baada ya mwezi kwamba ameongeza wa pili, juu ya mvua, juu ya mtoto, juu ya neno alilolisikia basini, na mkono wake hautaogopa tena karatasi.

Mazoezi tutayapitia upesi, kwa kuwa si wote wanaoyahitaji kwa namna moja. Kuli aliyebeba magunia bandarini tangu asubuhi, na fundi wa ujenzi aliyepandisha zege orofa ya tatu, hao wahitaji kulala, na mtu asiwasumbue kwa habari za kukimbia. Twasema na makarani, walinzi wa getini, madereva, washonaji, na sisi wenyewe tukaao mezani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, wala halilazimishi zifanywe kwa mkupuo. Ateremkaye basini kituo kimoja au viwili kabla ya chake, akatembea upesi dakika 25 kwa siku, siku sita, amezitimiza 150 bila kununua viatu vya mbio. Apendaye wenzake ataviona vikundi vya jogingi alfajiri ya Jumapili vikipita mitaani kwa nyimbo na fulana za rangi moja. Wanachama wake huchangiana pia misiba na harusi, na twaamini ndiyo sababu watu hawaviachi.

Kuna jambo moja lililo mikononi mwa matawi. Ofisi nyingi za matawi zina chumba, taa na viti, na jioni vyote hivyo hulala bure. Naombe kila tawi magazeti mawili na vitabu vichache kwa wanachama, lichague msomaji mwenye sauti, na liweke saa kumi na mbili hadi saa moja, siku mbili kwa juma, kabla watu hawajatawanyika kwenda kutazama mpira. Mojawapo ya siku hizo iwe ya akina mama, na jioni hiyo waume zao wabaki nyumbani na watoto, wapike.