Ushauri huru wa Tehama: Pima hesabu zako kabla ya kuacha ajira

Na Mwandishi Wetu

KUFAHAMU kompyuta ni jambo moja, na kuishi kwa kuuza ufahamu huo bila mwajiri ni jambo jingine. Mtaalamu wa teknolojia ya habari na mawasiliano, Tehama, anaweza kuwa mahiri kuliko wenzake wote ofisini, akaacha kazi, na baada ya miezi michache akagundua kwamba kinachomshinda si mitambo bali ni siku ambazo hakuna anayemlipa.

Fursa zipo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009 na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na tangu hapo utegemezi wa satelaiti ulipungua na matumizi ya intaneti yakapanuka. Shule binafsi, hospitali, wafanyabiashara wa jumla na asasi za kiraia huhitaji mtu wa kusimika mtandao, kulinda kumbukumbu na kuchagua programu, lakini nyingi hazina sababu ya kumwajiri mtaalamu huyo kwa mwaka mzima. Hapo ndipo mshauri wa kujitegemea hupata nafasi.

Hata hivyo, mshauri si fundi. Fundi huitwa kurekebisha kilichoharibika; mshauri hulipwa ili amsaidie mteja kuamua. Hospitali inayotaka mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa humtaka aseme upi unafaa, utagharimu kiasi gani kuuendesha, na pengine aseme kwamba haifai kununua sasa. Anayependa kukaa na mashine kutwa, lakini akachoshwa na vikao, kuandika ripoti na kumpinga mkurugenzi kwa adabu, ataiona nusu ya kazi hii kuwa mzigo.

Hesabu ya siku

Kosa la kwanza hufanyika katika kupanga bei. Chukua mfano wa mtaalamu mwenye mshahara wa Sh milioni 2 kwa mwezi. Akiugawanya kwa siku 22 za kazi hupata takriban Sh 91,000 kwa siku, hivyo huamini kwamba akitoza Sh 100,000 atakuwa amepiga hatua.

Mwaka una siku 365. Ukiondoa Jumamosi na Jumapili, sikukuu na muda wa mapumziko, hubaki siku 220 hivi. Mshauri hawezi kuziuza zote. Nyingine huzitumia kutafuta wateja, kuandika mapendekezo ya kazi, kufuatilia malipo na kujifunza teknolojia mpya. Akifanikiwa kuuza nusu yake, yaani siku 110, kwa Sh 100,000, mapato yake ya mwaka ni Sh milioni 11. Mshahara aliouacha ulikuwa Sh milioni 24.

Hesabu sahihi huanzia upande wa pili. Kwenye Sh milioni 24 huongezwa Sh milioni 2.4 ambazo mwajiri alimchangia katika hifadhi ya jamii, kwa mgawanyo wa asilimia 10 kwa 10 uliozoeleka katika sekta binafsi. Kisha huongezwa gharama za kazi: kompyuta, intaneti, nauli, leseni na mhasibu. Gharama hizo zikikadiriwa kuwa Sh milioni 6, jumla ni Sh milioni 32.4 kabla ya kodi ya mapato. Ukigawanya kwa siku 110, bei ya siku ni karibu Sh 295,000.

Hiyo ni karibu mara tatu ya kiwango alichokifikiria mwanzo, naye hajapata hata senti moja zaidi ya alichokuwa akikipata ofisini. Hivyo swali si kama anaijua kazi, bali kama wapo wateja watakaolipa bei hiyo, na kama yeye anaweza kuitaja bila kuipunguza kabla hajaombwa.

Fedha huchelewa

Hata mteja mwaminifu hulipa kwa ratiba yake. Kazi iliyofanyika Februari inaweza kukaguliwa Machi, ankara ikapita kwa mhasibu Aprili na fedha zikaingia Juni. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo hasubiri mzunguko huo, wala ada ya shule ya Januari haisubiri.

Ndiyo maana akiba ya matumizi ya familia ya miezi sita ni mtaji wa lazima katika kazi hii, tena ni muhimu kuliko kompyuta mpya. Mwenye kuitegemea ankara moja ili apike jioni atakubali bei yoyote na sharti lolote. Malipo ya awali kabla ya kazi kuanza, na mengine kwa hatua, hupunguza shida hiyo iwapo yataandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo.

Sehemu ya fedha zinazoingia si yake. Mshauri anapaswa kuwa na namba ya mlipakodi, TIN, kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, pamoja na leseni ya biashara. Akitaka kutumia jina la biashara au kufungua kampuni, husajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, Brela.

Kampuni au taasisi inayomlipa mshauri mkazi kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Ankara ya Sh milioni 10 humletea Sh milioni 9.5. Sh 500,000 iliyokatwa haijapotea. Huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka, mradi awe na hati ya makato hayo. Kodi ya mapato nayo hulipwa kwa makadirio katika awamu nne, ambazo kwa mwaka wa kalenda huishia Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi huukumbuka usemi huo Machi inapokaribia kwisha.

Kinga zinazopotea

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mama. Mshauri hana hata moja. Wiki ya malaria ni wiki bila mapato, na bima ya afya pamoja na mchango wa uzeeni ni juu yake mwenyewe.

Wapo pia wanaojiita washauri huku wakimtumikia mteja mmoja tu, kwa vifaa na saa za mteja huyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 huvitaja vigezo kama hivyo, pamoja na kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, kuwa miongoni mwa dalili za kumhesabu mtu kuwa mwajiriwa. Kiuchumi, mtu wa namna hiyo amebeba hatari za mfanyabiashara bila kupata uhuru wake.

Wajibu mwingine ni wa siri za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, humgusa mshauri anayeshika kumbukumbu za wagonjwa au wanafunzi. Mkataba unapaswa kueleza nani anawajibika zikivuja, kazi inaishia wapi, na programu iliyotengenezwa ni mali ya nani.

Jinsi ya kujipima

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, mtaalamu anaweza kujipima kwa miezi mitatu, iwapo mkataba wake wa ajira unaruhusu. Atafute kazi ndogo moja kutoka kwa mtu asiye ndugu wala rafiki, aitoze bei aliyoikokotoa, aandike mkataba na adai malipo mpaka yaingie. Aandike pia ni siku ngapi zilimletea fedha na ngapi hazikumletea.

Aliyepata mteja, akalipwa na bado akataka kuendelea, ana sababu ya kusonga mbele. Aliyependa kazi yenyewe lakini akachukia kuuza, kudai na kungoja, amejifunza jambo la thamani akiwa bado na mshahara. Kubaki ofisini kwa mtu kama huyo si woga. Ni uamuzi uliofanywa kwa hesabu.