Kamba na Mlinzi Wake

Ndugu mkulima, mtu aliyeinama kupalilia hawezi kumwona nyani anayeingia katika mahindi yake. Yuko mnyama mdogo wa baharini mwenye shida kama hiyo. Soma uone anavyofanya.

Katika mchanga ulio karibu na matumbawe ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu huishi kamba wenye urefu wa sentimita chache tu. Kamba huyu ana magando mawili, moja dogo na moja kubwa. Akilifumba lile kubwa kwa ghafula, maji huruka kwa kasi na kufanya kiputo. Kiputo kikivunjika hutoa mlio mkali, kama kijiti kikavu kinapokatika. Zamani watu walidhani kwamba ni gando linalogonga. Mwaka 2000 wataalamu walionyesha kwamba mlio huo ni wa kiputo.

Lakini silaha hiyo haimtoshi. Macho yake ni dhaifu, na nyumba yake ni shimo la mchanga linalobomoka kila mara. Hana budi kutoa mchanga nje kutwa, na huko nje samaki wakubwa wanamngoja.

Kwa hiyo hukaa pamoja na samaki mdogo wa jamii ya gobi, ambaye ana macho makali lakini hana pa kujificha. Asubuhi samaki hutangulia kutoka na kutazama. Kamba hufuata akisukuma mchanga, huku sharubu yake moja ikimgusa samaki. Adui akitokea, samaki hutikisa mkia, na mara kamba hurudi ndani. Hatari ikikaribia zaidi, samaki naye huingia. Usiku wote wawili hulala shimoni. Samaki asipokuwapo, kamba hutoka kwa nadra sana, na kazi husimama.

Wawili hawa si wa ukoo mmoja. Kila mmoja humpa mwenzake kile alichokosa.

Katika skimu, huenda jirani yako alitoka mbali, nawe humjui vema. Msingoje mpaka mahindi yaanze kukomaa. Kutaneni sasa, mgawane siku za kulima na siku za kulinda, mkubaliane na ishara, kama vile kupiga debe. Na debe likilia, usiulize ni shamba la nani: toka mbio.