Mahindi ya Kuuza Kenya Hukaguliwa Kwanza Chamani

Kwa mkulima wa Manyara, Arusha au Kilimanjaro, mpaka wa Namanga au wa Holili u karibu kuliko Dar es Salaam, na mahindi yake hutafutwa sana ng'ambo ya mpaka huo. Hata hivyo, tarehe 5 Machi 2021 njia hiyo ilifungwa ghafla. Mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliagiza mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingizwe, kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeonyesha sumukuvu iliyopita kiwango kinachoruhusiwa. Tarehe 10 Machi njia ilifunguliwa tena kwa masharti: mwagizaji awe ameandikishwa, shehena iwe na cheti cha kupimwa sumukuvu, na wilaya yalikolimwa mahindi itajwe.

Wako waliodhani kwamba hiyo ilikuwa hila ya kibiashara tu. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo anayelindwa na kipimo cha mpakani si mlaji wa Kenya peke yake. Familia ya mwanachama hula mahindi ya shamba lile lile.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu waotao juu ya nafaka, hasa iliyopatwa na ukame shambani, iliyotobolewa na wadudu, au iliyowekwa ghalani ikiwa mbichi. Haionekani kwa macho, wala kupika ugali hakuiondoi. Kiwango cha juu kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, yaani gramu 10 tu katika tani 1,000 za mahindi. Kiwango cha unyevu ni asilimia 13.5.

Hapo kwenye unyevu ndipo penye ugomvi wa kila msimu, kwa sababu mahindi mabichi ni mazito na mwanachama hapendi kupoteza uzito. Tuseme mwanachama ameleta kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 18. Zikikaushwa hadi asilimia 13.5, zitabaki kilo 948 hivi. Chama kilicholipa kilo 1,000 kimenunua kilo 52 za maji, na hasara hiyo wataigawana hata wale walioleta mahindi makavu. Kwa sababu hiyo, hapana budi unyevu upimwe mbele ya mwenye mali wakati wa kupokea, na uandikwe katika stakabadhi pamoja na uzito.

Chama kisicho na kipima unyevu chaweza kuanza na chupa kavu na chumvi kavu. Mahindi kidogo hutiwa chupani pamoja na chumvi, kisha chupa hutikiswa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isiponata, yaweza kuhifadhiwa. Lakini kwa mahindi ya kuvuka mpaka chumvi haitoshi, na ni lazima kipimo cha kweli kitumike.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai au chanja, yasigusane na udongo. Kabla ya kufungwa magunia, punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye kuvu zichaguliwe na kutolewa, maana sumu nyingi hukaa katika punje chache. Mifuko ya kinga njaa, isiyopitisha hewa, huwaua wadudu bila dawa, lakini haikaushi. Mahindi mabichi yakifungwa humo yataharibika.

Kwa kuwa sumu haikuenea sawasawa, sampuli ya gunia moja haielezi habari za ghala zima. Bambo lichomwe katika magunia mengi, juu, kati na chini ya shehena, na sampuli zichanganywe kabla ya kupelekwa maabara.

Tuchukue mfano wa lori lenye magunia 300 ya kilo 100, mali ya wanachama 40. Wawili wakileta mahindi machafu, nayo yakachanganywa na mengine, tani zote 30 zaweza kukataliwa, na watu 38 wasio na kosa watalipia nauli ya kurudi. Kinga yake ni daftari. Kila fungu liwe na namba, jina la mwenye mali, kijiji, tarehe ya kupokelewa na unyevu wake. Namba hiyo iandikwe juu ya gunia. Mafungu yasiyopimwa yasichanganywe. Daftari hilo hilo ndilo litakalojibu swali la mahali mahindi yalikolimwa.

Kibali cha kuuza nje, cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili vishughulikiwe kabla ya lori kukodishwa, na masharti ya wakati huo yaulizwe upya kila msimu, kwani hubadilika. Karatasi hizo zote hueleza tu jinsi mahindi yalivyo. Katibu anayekataa gunia bichi mlangoni pa ghala atalaumiwa na mtu mmoja siku hiyo. Akilipokea, atalazimika kuwaeleza wote 40 katika mkutano mkuu kwa nini malipo yao hayakuja.