Tangi limeoshwa, mabomba je?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuosha simtanki huwa hivi: maji yakipungua, kijana anaingizwa ndani na brashi na sabuni ya unga, anasugua, uchafu unamwagwa, maji ya mgao yakirudi tangi linajazwa. Baada ya siku chache maji ya jikoni yananuka vilevile. Hapo watu hulaumu maji ya boza au kisima, kumbe uchafu haujatoka nyumbani.

Toleo la tangi huwa juu kidogo ya sakafu yake, hivyo mchanga na kutu hutua chini na kubaki. Kibaya zaidi kiko ukutani. Pitisha kidole ndani ya tangi, chini kidogo ya usawa wa maji, utahisi utelezi. Huo ni utando ambao bakteria wameujenga na kujificha humo, na utando kama huo umetanda ndani ya mabomba ambako brashi haifiki.

Klorini huua vijidudu, lakini haichagui: humalizwa na uchafu wowote inaoukuta njiani. Ukiimimina kwenye tangi lenye tope, nguvu yake inaishia kwenye tope. Kwa hiyo kusugua ndiyo nusu kubwa ya kazi. Tumia brashi ya mpini mrefu kupitia mdomo wa tangi. Kama ni dogo, lilaze. Sipendi kabisa desturi ya kumwingiza mtu ndani, kwani hewa ni kidogo, na mvuke wa dawa ukijaa anaweza kuzimia kabla hajaita. Wala usichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuua.

Tangi likishasuguliwa na kusuuzwa, dawa ipimwe. Kiwango kinachofaa ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita ya maji, yaani gramu 50 kwa tangi la lita 1,000. Dawa ya maji ya kung'arishia nguo yenye klorini asilimia 3.5 ina takriban gramu 35 kwa lita, kwa hiyo unahitaji kama lita moja na nusu. Chagua isiyo na manukato wala rangi, na uangalie tarehe yake: iliyokaa muda mrefu, hasa kwenye joto au jua, imepoteza nguvu hata kama bado inanuka. Jaza maji nusu, mimina dawa, kisha endelea kujaza ili vichanganyike.

Sasa mabomba. Toa kwanza machujio, kwa sababu yale ya mkaa hunyonya klorini yote. Zima umeme wa hita. Fungua koki iliyo karibu na tangi mpaka harufu ya klorini itoke, ifunge, nenda inayofuata, hadi ile ya mbali kabisa. Usisahau shawa, upande wa maji ya moto, na koki ya nje ambayo haijaguswa tangu sikukuu iliyopita. Maji yaliyolala kwenye kipande cha bomba kisichotumika hurudisha vijidudu kwenye mfumo mzima. Acha dawa ikae usiku kucha, saa 12 au zaidi, na kila mtu nyumbani, watoto na wageni pia, ajue kwamba maji hayo hayanywewi. Kisha mwaga yote, jaza upya, na fungua koki zote mpaka harufu ipungue. Maji hayo ya dawa yasiende bustanini, wala kwa wingi kwenye shimo la choo, kwani huua bakteria wanaoozesha kinyesi.

Kazi hii hurudiwa kila baada ya miezi sita, na mara moja baada ya mafuriko au bomba kukatwa kwa ukarabati. Hata hivyo, maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa au kutiwa dawa, kwa kuwa klorini inayotoka na maji ya bomba hupungua yakikaa kwenye tangi lenye joto. Mfuniko ubane, na tundu la kumwagia maji yanayofurika lifungwe wavu mwembamba. Mbu wa Aedes, walioeneza homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga kwenye maji safi yaliyotulia.