Maktaba za Mashambani na Riziki ya Mafundi

Yeyote aingiaye katika maktaba ya umma ya Meru au ya Embu, hasa katika miezi ya likizo, huyaona madawati yamejaa wanafunzi walioinamia vitabu vyao wenyewe, walivyotoka navyo nyumbani, kwa kuwa wanachokitafuta pale ni kiti, mwanga na utulivu, mambo ambayo nyumba nyingi za mashambani hazina nafasi ya kuyatoa. Wanastahili, wala simwonei mtoto kijicho. Lakini mwashi, seremala, mshonaji na fundi wa pikipiki, ambao kodi yao pia inaitunza nyumba ile, aghalabu hupita mlangoni wakidhani kwamba aliyekwisha kuiacha shule hana tena haja humo ndani, na dhana hiyo inatunyima faida kubwa.

Waliotangulia hawakuwaza hivyo. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta, ikachapisha vijitabu vya kilimo na afya kwa lugha za wenyeji, na msomaji iliyemkusudia alikuwa mtu mzima mwenye shamba na familia. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 ikaunda bodi ya huduma za maktaba ya taifa. Na fauka ya matawi ya mijini, zikazuka maktaba za jamii, kama zile za Gatimbi, Mikumbune na Timau huko Meru, ambazo desturi yake ilikuwa wenyeji kujitolea ardhi na jengo, nayo bodi hiyo ikaleta vitabu na wakutubi.

Tazama hali ya mwashi aliyejifunza kazi kwa kumshikia mwingine mwiko, akajenga nyumba Maua, Nkubu na Runyenjes kwa muda wa miaka mingi, asiwe na hata karatasi moja ya kuthibitisha ujuzi wake. Njia ya kuipata ipo: ni mtihani wa gredi, unaosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambao fundi huuanza kwa gredi ya tatu, akapanda hadi ya pili na ya kwanza. Mikono yake haina shaka. Kinachomtia hofu ni nadharia, yaani vipimo, mahesabu ya saruji na mchanga, kusoma ramani ya jengo, kanuni za usalama kazini, mambo anayoyatenda kila siku lakini hajapata kuyaona yameandikwa. Kwa mtu kama huyu, mtaala wa mtihani ukiwa rafuni, pamoja na vitabu vichache vya ujenzi na mkutubi wa kumwelekeza, ni msaada ulio karibu kuliko karo ya chuo na ulio rahisi kuliko kuacha kibarua.

Kadhalika mshonaji wa Siakago. Serikali imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za umma, lakini cheti cha kuziomba hutafutwa kwa intaneti, na asiyeizoea kompyuta humlipa mtu wa saiba amjazie fomu, akarudi mara nyingine akalipa tena, bila ya kujifunza chochote. Kompyuta ya maktaba ingemfundisha kujaza mwenyewe, na tofauti ya mambo hayo mawili, kwa maoni yangu, ndiyo tofauti ya kuhudumiwa na kuelimishwa.

Kuna kikwazo ambacho hakisemwi vya kutosha, nacho ni lugha. Vitabu vya ufundi vilivyomo rafuni karibu vyote ni vya Kiingereza, ilhali karakana za Meru na Embu huzungumza Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kiswahili. Watungaji wetu wa Kiswahili wametupa riwaya na mashairi kwa wingi. Kitabu cha umeme wa nyumba au cha kuchomelea vyuma, chenye picha na lugha nyepesi, bado tunawadai.

Mwaka 1966 Baraza la Wakristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana waende wapi baada ya shule, na katika mjadala ule vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imevikabidhi vyuo hivyo kwa kaunti, na jedwali hilohilo limezikabidhi maktaba kwa kaunti. Basi mwalimu wa ufundi na mkutubi wamewekwa chini ya dhamana moja, na serikali ya kaunti ikitaka kuwakutanisha haihitaji ruhusa ya Nairobi.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na kabla yake wananchi huitwa vikaoni kutoa maoni juu ya bajeti. Mafundi wa Imenti, Tigania, Manyatta na Mbeere wangefanya vyema kuhudhuria na kutaja wanayoyataka kwa majina yake: vitabu vya mtihani wa gredi, mkufunzi wa chuo cha ufundi kuja maktabani jioni mbili kwa juma, na milango kubaki wazi baada ya saa kumi na moja, maana hiyo ndiyo saa mwashi ateremkapo jukwaani.