Mfarishi wa kanga kwa cherehani ya nyumbani
Hapa Maskati nazigeuza kanga za marehemu mama kuwa mfarishi wa wajukuu wake. Kanga ya zamani ikichanika hupati nyingine, kwa hiyo jamani, matayarisho kwanza. Shusha meno ya cherehani ili kitambaa kiende utakako wewe. Funga mguu wa kutarizia na sindano mpya, namba 90/14. Vaa glavu zenye vidole vya mpira. Kitambaa hakitelezi na mabega hayachoki. Meza iwe sawa na cherehani, uzito usivute sindano. Kanyaga mwendo mmoja, mikono taratibu. Jaribia kipande chenye pamba ileile: uzi wa chini ukitokea juu, legeza wa juu kidogo. Ukiridhika, ndipo uguse kanga yenyewe.